Picha Uliyochora Bila Kuniuliza

Asifiwe wangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa korali, na hiyo korali yenu naijua: mutaimba wimbo mumoja, mutacheka saa mbili. Basi niko na wakati. Papa yako iko nyuma ya nyumba, anakujazia viazi mu gunia. Nimemwambia Goma kuko viazi. Amenijibu, "Viko, lakini haviko vya mukono wangu." Nimemwacha. Miye nimekaa hapa mulangoni, pahali mwangaza bado unafika, na kaye yako ya zamani ya hesabu juu ya magoti. Nimepasua kurasa zenye ulikuwa umepata makosa, kwa hiyo karatasi sitakosa.

Sitakuandikia mambo ya kufua, ao ya kulala mapema, ao ya vijana wa mujini. Tantine wako mwenye utaishi kwake atakuambia hayo yote, na atayarudilia mpaka uyachoke. Ninaandika juu ya picha. Siku tisa sasa tunaizunguka. Tunasalimiana, tunakula, unanipitishia chumvi, lakini kuongea hatuongei. Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua, na sitaki uende tukiwa hivi.

Wacha nianzie kwenye nilijulia. Ilikuwa siku ya Mungu, tunatoka kanisani, Papa Diakre, shemasi wetu, akanifuata na telefone mukononi. "Mama Asifiwe, nimekuona. Mutoto amekuchora, eh, unalia kabisa." Nikacheka, nikafikiri anatania. Akanionyesha: ile picha uliazima telefone yake kuituma Goma ilikuwa ingali mule. Kweli, ni miye. Niko chini mbele ya hii nyumba, ile siku tulirudi hapa Kingi, kwetu Masisi, kutoka kambi ya Mweso, tukakuta mabati yamechukuliwa, mulango umechukuliwa, na majani yameota mu chumba mpaka kwenye kiuno. Kitambaa cha kichwa kimeanguka, kinywa kiko wazi. Ulikuwa na miaka kumi. Na miye tangu ile siku nilikuwa nawaambia, weye na wadogo zako, kwamba mama hakulia, ilikuwa vumbi tu. Miaka munane nimelinda lile vumbi. Kumbe weye ulikuwa unajua, na sasa mpaka diakre anajua, na watu wa atelier ya Goma, ile shule ya kuchora, wanajua, juu hiyo picha njo iliwafanya wakuite. Wanataka uende nayo, ile yenyewe ya karatasi, waitundike siku ya kuwapokea wanafunzi wapya.

Nikafika nyumbani, ukiwa unasugua sufuria, nikakuambia, "Umeniuza."

Ukasema, "Mama, njo picha nzuri kupita zote nilishachora."

Nami nikakuambia ile picha haitoki hapa, na kama ikitoka, weye usirudi. Hilo neno la mwisho nalirudisha sasa hivi, mbele ya mengine yote. Nyumba hii ni yako. Utarudi hapa na picha ao bila picha, na sifa ao na aibu, na mutoto mugongoni kama ukinikosea tena. Ulimi hauna mufupa, mwanangu, na wa kwangu njo hauna kabisa.

Lakini lile neno la kwanza, "umeniuza", halikuwa langu. Niliazima. Niliambiwa zamani, na muntu mwenye alikuwa na haki ya kuniambia. Hiyo habari haujawahi kuisikia, na inanipasa nikuambie mbele haujaenda kufanya kazi ya kuchora maisha ya watu.

Unajua namna tunasuka vitunga. Nilikufundisha, ukachoka siku ya pili, ukachukua kipande cha makaa ukaanza kuchora mbuzi ku ukuta wangu. Lakini kuko kitu kimoja sikukufundisha, juu kinafundishwa mukubwa tu. Koko wako, mama yangu, alinipa wakati nilikuwa na mimba yako. Mama mwenye anahitaji kitunga cha siku kubwa, cha harusi ya binti ao cha matanga, hatumi mutoto aje kusema nataka cha namna hii. Anakuja mwenyewe, anakaa na weye siku ya kwanza, wakati unaanza kitako. Anaongea. Weye hauulizi. Anaongea mpaka kitako kinafungika, kisha anasimama, anaenda, na hamutazungumza hayo maneno tena. Kwenye yale aliyosema njo unachagua maua ya kitunga, mustari mweusi uende wapi, mweupe ukatike wapi. Koko alisema, "Mukono njo unajibu. Kinywa hakijaulizwa."

Wageni wakiniuliza maua yangu yanatoka wapi, ninawaonyesha milima. Ninasema, hii ni njia ya ng'ombe, hii ni mvua inatoka upande wa Walikale. Wanafurahi. Milima nayo ni mizuri, sikatai, lakini haijawahi kunipa hata ua moja. Yote nimepewa na wamama wenye walikaa hapa pembeni yangu na miguu yenye udongo.

Na haiko miye tu. Mjomba wako Sumaili, kule Mpofi, unakumbuka ulimuuliza nini inamuonyesha cha kuchonga, akakujibu, "Njaa." Ulicheka siku nzima. Lakini geuza kiti chochote alichochonga, uangalie chini. Utakuta kakakuona mudogo, amejikunja. Muke wake marehemu alikuwa anachekaka sana akiona yule munyama anajikunja, mpaka anashika mbavu. Sasa watu wanakalia vile viti, wanakunywa juu yake, na hakuna anayejua. Nilimuuliza kwa nini asimuchonge pembeni, watu wamuone. Akasema hakumuchongea watu.

Sasa sikia. Juzi, kabla ya kuchukua hii kalamu, nilipanda mulima mpaka kwa Mama Claudine, kumuomba ruhusa ya kukuandikia hiyo habari, juu ni yake. Amenikubalia. Nitakuambia mwishoni ni kwa sharti gani.

Mama Claudine weye unamujua kama mama wa maziwa, mama wa fromaji ya maziwa ya kugandisha, mama mwenye kila akikuona anasema umekonda. Claudine haumukumbuki vizuri, ulikuwa mudogo, lakini ulikuwa unamuita dada na alikuwa anakubeba. Tulikimbia vita pamoja, siye wa mashamba na wao wa ng'ombe, njia moja, mvua moja. Claudine alishikwa na homa njiani. Alifariki kabla hatujafika Mweso.

Tukiwa kambini, chini ya bashi za plastiki, miezi ikapita, Mama Claudine akaja kwangu. Bwana yake alikuwa ameokoa ng'ombe wachache, wako kwa ndugu, kwa hiyo alikuwa anauza maziwa, na kila asubuhi alinimiminia kikombe kimoja cha bure juu yenu. Akaniambia anataka kitunga cha Claudine. Akakaa. Nikaanza kitako. Akaongea.

Aliniambia kwamba ile siku ya mwisho mutoto aliomba maziwa. Na yeye, mwenye alikamua ng'ombe tangu akiwa musichana, hakuwa na hata tone. Alikuwa na maji ya mutoni mu kikombe. Macho ya mutoto yalikuwa hayaoni tena vizuri. Akamupa yale maji, akamwambia, "Kunywa, ni maziwa." Mutoto akakunywa, akasema aksanti.

Hakuwa amemwambia muntu mwingine yeyote. Hata baba ya mutoto. Kitako kikafungika, akasimama, akaenda. Nikasuka kitunga cheusi na mustari mumoja mweupe wenye unazunguka na haukutani. Alipokiona akakishika ku kifua. Mpaka leo sijawahi kusuka kitunga kizuri kupita kile, na Mungu anajua nilipaswa kuishia pale.

Kisha akakuja mugeni, mama mumoja mupole, ananunua vitunga vya kupeleka mujini. Kwa kila kitunga anauliza, "Na hiki kinasema nini?" Wamama wenzangu wakajifunza haraka. Kitunga chenye habari kinanunuliwa, chenye kimya kinabaki. Wengine wakaanza kutunga habari, wanaua shangazi wenye wangali wazima, tunacheka usiku. Miye nikajisikia niko mukubwa kupita uongo. Nikasuka kitunga kingine, maua yale yale, mweusi na mustari mweupe. Mugeni akauliza. Nikamwambia yote. Homa, maji, aksanti. Nikamupa mpaka na jina.

Ningeweza kukuambia ilikuwa njaa, na njaa ilikuwako, mulikuwa mukila mara moja kwa siku. Lakini njaa haikunituma kusema jina. Yule mama alianza kulia, akashika mikono yangu, akasema miye ni msanii mukubwa. Hakuna muntu alikuwa ameniita hivyo. Nililala ile siku nikiwa na furaha, Asifiwe. Njo kitu chenye kinanipa haya mpaka leo, ile furaha.

Wakapanga vitunga mu sale, ule ukumbi wa parokia, watu waje waangalie, na ku kila kitunga karatasi yenye habari yake. Mama Claudine alikuwa anapita na bidoni yake ya maziwa. Akaingia. Akaona maua yake. Kusoma hajui, akamuomba mama mumoja amusomee. Yule mama akasoma kwa sauti, mbele ya watu, jina la mutoto wake na yale maji.

Akakuja kwenye bashi yetu. Nilimuona anakuja nikajua. Akaweka bidoni chini. Akachukua kikombe chetu, akakimimina kama siku zote, akakiweka mbele yangu. Kisha akasema, "Umemuuza mutoto wangu." Hakupaza sauti. Akaenda. Yale maziwa mulikunywa weye na wadogo zako, na miye nilikaa nawaangalia munavyokunywa.

Miaka mbili hatukusalimiana. Mulipouliza, nilisema tumegombana juu ya ng'ombe yake alikula maharagi yetu. Maskini ile ng'ombe, haikuwa na kosa. Tuliporudi huku, na wao wakarudi kwenye mulima wao, nilichelewa sana kupanda. Kila siku nilikuwa na sababu: mvua, kupalilia, mutoto anakohoa. Kumuogopa muntu mwenye hakukupiga wala hakukutukana ni kazi nzito.

Mwishoni nikapanda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamukuta anakamua, akaniacha nisimame mpaka akamaliza ng'ombe wawili, na yale maneno yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu nimekuja. Akasema, "Haukuniuliza. Tulikuwa kambi moja, bashi yangu ulikuwa unaiona kutoka kwako, na haukukuja kuniuliza."

Nikamuuliza, kama ningekuja angekubali?

Akafikiri. Alifikiri kweli, hakunijibu kwa hasira. "Sijui. Labda ningekubali. Claudine alikuwa anapenda watu. Lakini lile neno la ndiyo lilikuwa langu la kusema, na ulijipa mwenyewe."

Akanimiminia maziwa, tukakunywa tumesimama. Haukuwa musamaha wa siku moja. Ulikuwa wa kidogo kidogo, leo salamu, kesho fromaji ya kuonja, mpaka tukawa tena hivi unavyotuona, wazee wawili wanasengenya wakwe.

Basi ile siku ya diakre, neno la Mama Claudine lilitoka mu kinywa changu, na weye ukiwa na sufuria mukononi ukaniangalia namna miye nilimuangalia yeye. Nilijua palepale. Lakini kiburi, mwanangu. Muntu akikosewa kosa lenye alishafanya mwenyewe, njo anakasirika kupita wote.

Sasa nikuambie na kosa langu la hizi siku tisa. Siku ya ine, ulipoenda shambani na papa yako, niliinua godoro lako. Sikudanganyi, nilitaka kuipasua. Nikaitoa, nikaipeleka hapa mulangoni ili nione vizuri ninachopasua.

Ku telefone ya diakre nilikuwa nimeona kinywa changu tu. Ku karatasi nikaona mukono. Mukono wa kushoto umeshika tumbo, sawa. Lakini wa kuume uko ndani ya mulango, umeshika majani, na pembeni ya goti kuko fungu la majani yenye yalishang'olewa. Asifiwe, sikumbuki nikiyang'oa. Miaka munane nimekuwa nikijikumbuka kama mama mwenye alianguka mbele ya watoto wake. Na weye, wa miaka kumi, na mutungi wa maji kichwani, uliona kwamba nilikuwa ninalia na ninapalilia nyumba kwa wakati mumoja. Nilikaa na ile karatasi mpaka ugali ukaungua. Njo maana siku ile tulikula viazi, na nilisema unga umeisha.

Nilikuwa nafikiri umechora aibu yangu. Kumbe ulikuwa umechora muntu unayemupenda, na uliangalia kwa nguvu mpaka ukaona hata kitu chenye yeye mwenyewe hakukijua. Koko angekuwa hapa angekunyooshea kidole aniambie, huyu mukono wake unajibu. Nilikuwa nakusumbua miaka yote juu haukupenda kusuka. Nakuomba musamaha kwa hilo pia. Unafanya kazi ile ile, nyuzi tu njo tofauti.

Lakini kwa sababu ni kazi ile ile, kosa nalo litakuwa lile lile, na halitakuja likiwa na sura ya kosa. Litakuja na muntu mupole, ameshika mikono yako, analia, anakuita msanii mukubwa. Watu wa mbali wanapenda machozi yetu kupita maharagi yetu. Watakuomba mengine, na mengine tena, na utayatafuta kwa jirani wakati ya kwako yakiisha. Sikuambii usichore machozi. Siye tumelia, itakuwa uongo kuchora ng'ombe na maua tu. Nakuambia tu uende ukaulize, hata kama njia ni ndefu, hata kama ni muntu asiyejua kusoma na hatajua kamwe. Wengine watakukatalia. Itakuuma, juu mara nyingi ile wanayokukatalia njo itakuwa nzuri kupita zote. Iache. Utakasirika siku mbili, kisha utachora ingine.

Na sharti la Mama Claudine ni hili. Nilimuambia nataka mutoto aijue hii habari mbele hajaenda. Akamaliza kufunga ndama, akasema, "Muandikie. Asome, aijue. Lakini ile ya maji, umwambie asiichore." Basi, Asifiwe. Ile ya maji usiichore.

Ya kwangu ni jambo lingine. Siku hizi tisa nilikuwa nakungojea uje uniulize. Weye nawe, nadhani, ulikuwa unangojea nikusamehe ndipo uniulize. Vichwa vigumu viwili, papa yako katikati na viazi vyake. Jana nilikuona unapanga nguo bila picha. Uliiacha chini ya godoro, ukalitandika vizuri juu yake. Ulikuwa tayari kwenda mbele ya wale watu mikono mitupu, labda wakurudishe, juu mama alikataa. Nilisimama nyuma ya pazia nikalia, na safari hii haikuwa vumbi.

Kwa hiyo nakujibu bila kuulizwa. Nimeitoa chini ya godoro, nimeiweka kati ya vikwembe vyangu viwili vya kujifunga, nimefunga na nailoni ili mvua isiiguse. Iko juu kabisa mu valizi yako ya nguo. Ichukue, waitundike. Wakikuuliza huyu mama alikuwa analilia nini, waambie waangalie mukono. Na ku karatasi yenye watabandika chini ya picha usiwaache waandike "mama wa Masisi" ao "mama mukimbizi". Hapa naitwa Mama Asifiwe tu, mpaka nadhani weye mwenyewe unasahau kama nilibatizwa. Andika jina langu, Vumilia, na chini yake uandike kwamba nilisema ndiyo.

Mama yako,
Vumilia